Kiganja cha Nyongeza

Kosa langu kubwa, nilipoachiwa duka la shangazi pale Mtendeni, Tabora, lilikuwa kulinyoosha kopo lake la kupimia mchele. Sikulitoboa wala sikulipoteza. Nililinyoosha kwa nyundo, taratibu, nikiwa nimetandika gunia chini nisisumbue majirani, likawa kopo safi kuliko lilivyopata kuwa tangu litoke kiwandani. Baada ya hapo duka likaanza kupoa.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la siku nyingi, na kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani na mkono uliojua kazi yake. Ukilitazama kwa nje unaona kopo zima. Ukiingiza vidole unakuta kilima. Mchele ambao nafasi yake imekaliwa na kile kilima haufiki kwa mteja. Ila muuzaji akishapima kopo na kulisawazisha, anachota kiganja kingine juu na kukimimina kwenye mfuko kwa mbwembwe, mkono ukiwa umeinuliwa ili hata walioko barazani waone: "Na hii nyongeza yako, mama." Mteja anatabasamu. Alichonyang'anywa na kitako anarudishiwa na kiganja, tena si chote, na anaondoka akiomba Mungu ambariki muuzaji. Karibu kila duka la mchele mtaani kwetu lilikuwa na kopo la namna hiyo, na sijakutana na mteja asiyelijua. Kina mama wanaingiza vidole wenyewe, wanacheka, wanapimiwa.

Mimi ndiye sikucheka.

Shangazi alikuwa amekwenda Igunga, binti yake amejifungua mapacha. Siku anaondoka alisimama mlangoni na begi lake, akaniambia maneno ambayo niliyatembeza kichwani kila asubuhi kama sala: "Baba, nikirudi nikakuta duka lina watu, ni lako. Mimi nabaki Igunga na wajukuu wangu. Nikikuta limepoa, narudisha fremu kwa mwenye nyumba, na wewe unarudi kwa kaka yangu mkavune tumbaku."

Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Tumbaku si tusi, imesomesha nusu ya watu ninaowafahamu. Lakini mimi majani yake yananitoa mapele hadi shingoni, na kila msimu nilivumilia huku baba akinitazama kwa huruma ile anayomtazamia ng'ombe mlemavu. Nilitaka lile duka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana mimi nikikitaka kitu sana nakifanya vizuri hadi kinaharibika.

Niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Nikifunga kufuli nalivuta, naondoka, narudi kulivuta tena. Mafuta ya nywele yakipangwa rafuni, moja likaangalia ukutani, sili chakula kikashuka. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yaliyokuja hayakumshangaza mtu. Biashara nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kwa video za watu wenye suti waliosimama mbele ya majengo ya vioo wakieleza namna ya kumhudumia mteja. Nilizitazama nyingi sana. Nilijua kumtazama mteja machoni, kurudia ombi lake ili ajue nimemsikiliza, kumshukuru kwa kutuchagua. Kwamba sisi tulikuwa mimi na paka, hilo halikunisumbua.

Na niliamini mji ulinihitaji. Hebu mtu asiyeamini aende akanunue kitu. Wiki ile shangazi alipoondoka balbu ya dukani iliungua, nikaenda kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Muuzaji alikuwa anatazama simu.

"Kaka, naomba balbu."

"Ya nini?"

"Ya kuwasha."

"Hakuna."

Nyuma yake, kwenye rafu ya juu, balbu zilikuwa zimejipanga kama wanakwaya.

"Na zile?"

Aligeuka akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Zile ziko juu."

"Naziona."

"Ngazi imeazimwa."

"Inarudi lini?"

"Aliyeazima hajasema."

Akarudi kwenye simu yake. Hakuwa na ubaya wowote, na nilipoaga akaniambia karibu tena. Shuleni tulifundishwa kwamba mji wetu ulikuzwa na misafara, kwamba watu waliotembea kutoka pwani kwenda ziwani walitua hapa kupumzika na kununua chakula. Mimi hujiuliza walikinunua kwa nani. Namwona kabisa mpagazi kashusha mzigo, jasho linamtoka, na muuza mtama anamjibu bila kuinua kichwa: hakuna, na huo unaouona ni wa mtu.

Kwa hiyo nilianza kwa kishindo. Niliosha rafu, nikageuza kila lebo itazame barabarani, nikachambua maharage hadi yakawa ya rangi moja. Mzee wa kwanza aliyeingia, jirani wa miaka mingi, nilimpokea kama nilivyofundishwa na simu.

"Karibu sana dukani kwetu. Nikuhudumie nini leo?"

Alisimama akanitazama. Nikarudia, kwa tabasamu pana zaidi.

"Shangazi yako amekwenda na shikamoo zote?" akauliza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe kiberiti. Na ufunge mdomo, meno yatapauka."

Hilo nililirekebisha haraka. Kopo ndilo sikujua kwamba ni kosa, maana nililiona ndilo jambo langu bora kuliko yote. Nilikuwa nimenunua mizani ya betri, ndogo, yenye namba nyekundu. Nikapima kopo la shangazi pamoja na kiganja chake cha nyongeza, na namba zikasimama chini ya kilo. Nikapima tena. Nikabadilisha betri. Nilijisikia kama mtu aliyefungua kabati la kanisa akakuta soksi chafu. Shangazi yangu, Mmoraviani, sauti ya kwanza kwenye kwaya!

Basi nikachukua nyundo. Kopo liliponyooka lilipima kilo kamili, ukisawazisha vizuri kwa rula. Bei sikuigusa. Nikaona sasa hakuna haja ya nyongeza, kwa kuwa hakuna kinachopungua. Usiku ule nililala vizuri, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Mteja wa kwanza asubuhi alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Cheyo mwenye banda la chakula karibu na maegesho ya bodaboda. Huyu alikuwa uti wa mgongo wa duka. Alinunua mchele kila siku, na wengine walinunua kwa sababu walimwona yeye akinunua. Nikampimia, nikasawazisha, nikafunga mfuko. Akaendelea kuushika wazi.

"Nyongeza?"

"Mama, kopo limenyooka sasa. Hiyo ni kilo kamili."

"Sijauliza habari za kopo. Nimeuliza nyongeza."

"Lakini mama, hapo umepata zaidi kuliko ulivyokuwa unapata zamani. Zamani kulikuwa na kilima kwenye kitako, ukaongezewa kiganja, jumla yake ilikuwa pungufu. Nimepima." Nikamwonyesha mizani. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilifikiri atanikumbatia.

Nyuma yake walikuwa wamesimama kina mama wengine wawili. Mmoja akasema polepole, "Kwa hiyo siku zote hizo shangazi yako alikuwa anatuibia?"

Nikafungua kinywa. Kwenye video hakuna aliyewahi kuulizwa swali kama hilo.

"Sio kuiba," nikasema. "Ni kupunguza."

Kufika mchana habari ilikuwa imezunguka Mtendeni na kuvuka: mtoto kasema shangazi yake mwizi. Kesho yake yule mama lishe hakuja. Keshokutwa yake nilimwona akivuka barabara kwenda kwa jirani yetu wa ng'ambo.

Huyo jirani sharti nimweleze. Ukutani kwake kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba mteja ni mfalme, ila alikuwa amebandika ratiba ya mpira juu yake, kwa hiyo kilichosomeka ni MTEJA NI. Alikaa akiwa ameelekea televisheni na kuwahudumia watu kwa kisogo. Ukiuliza sabuni anasema hakuna, na kama umeegemea katoni ya sabuni anasema basi jichukulie. Kopo lake lilikuwa limebonyezwa hadi likafanana na sahani yenye kuta. Lakini ilipofika nyongeza, yule bwana alinyanyuka! Aliacha hata penalti. Alizamisha mkono mzima guniani, akauinua juu, akaumwaga mchele kwa madaha kama anayemwagia bibi harusi, na akasema, "Nani mwingine Tabora atakufanyia hivi?" Hakuna, kweli. Kwa kopo lile hakuna.

Watu wakahamia kwake. Mimi nikabaki na mchele wangu mzuri wa Igunga, magunia yamesimama nyuma yangu kama ndugu waliokuja kushtaki. Wadudu wakaanza kuingia. Niliutandaza kwenye turubai juani, nikawaokota wadudu mmoja mmoja kwa vidole, na wapita njia wakaniuliza kama nimeanza kufuga. Vijana waliokuwa wakiniita Mangi, kama wanavyomwita kila muuza duka, wakaanza kuniita Bwana Vipimo.

Kisha shangazi akapiga simu. Hakusalimu.

"Naambiwa mimi ni mwizi."

"Shangazi, shikamoo."

"Nimeambiwa na watu wa kwaya. Kwa simu. Wakiwa wamekaa pamoja, maana nilisikia mwingine anacheka. Duka lina watu?"

Nilitazama paka. "Wapo wapo."

"Nakuja wiki ijayo nione hao wapo wapo."

Mtu mwenye akili angetulia akafikiri. Mimi nilichukua mizani. Niliona njia ni moja: nimthibitishie yule mama kwa namba, kwa macho yake, kwamba jirani anamwonea. Nikaenda bandani kwake saa ya chakula, limejaa vijana wa bodaboda. Mfuko wa mchele wa jirani ulikuwa mezani, bado haujafunguliwa. Nikaomba ruhusa, au nadhani niliomba, nikauweka juu ya mizani.

"Mama, ona. Hii si kilo. Ona inavyopungua."

Kila mtu aliona. Kwa muda mfupi wa kipumbavu nilijisikia mshindi.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nilitaka tu ujue."

"Mimi nilikuwa sijui? Nanunua mchele tangu wewe hujaacha kunyonya. Sasa wamejua hawa wote kwamba mimi ni mtu wa kuibiwa kila asubuhi. Umenisaidia nini?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja wa bodaboda akasukuma sahani yake mbele. "Bwana Vipimo, na huu wali wangu tupimie! Mbona leo naona umenywea?"

"Na huu!"

"Anzia kwa hili bakuli lake la kufinyangia, lina kitako kama tofali!"

Hapo nikaliona. Mama alikuwa anashindilia wali kwenye bakuli, anaupindua kwenye sahani, unasimama kama kichuguu. Bakuli lilikuwa la udongo, na kitako chake kilikuwa kinene kuliko hitaji la bakuli lolote duniani. Halafu, baada ya kupindua, alitupia mchuzi upawa mmoja wa ziada, na kumwambia kila mteja: "Nimekuongezea, baba." Macho yetu yakakutana juu ya lile bakuli. Akainua upawa. Nikaondoka na mizani kifuani kama mtoto mchanga, na kicheko kikanisindikiza hadi lami.

Sikufungua duka siku iliyofuata. Nilikaa ndani nikihesabu makosa yangu, kazi ambayo sina mpinzani, na kilichoniuma zaidi ni kwamba namba zangu zilikuwa sahihi. Ningekuwa nimekosea hesabu, ningerekebisha. Nilijiona tayari kwenye shamba la tumbaku, shingo imevimba, nikipanga majani kwa ukubwa.

Siku moja kabla shangazi hajarudi, nilikwenda tena bandani, mikono mitupu, baada ya wengi kuondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi na kuyakariri. Nikasalimia vizuri. Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kumfungulia mlango mtu wa kudai kodi. Nikaagiza wali maharage, kwa kuwa kusimama tu ilikuwa aibu zaidi.

Nilikuwa sijala vizuri siku kadhaa. Nilikula haraka, maharage yakaisha, wali ukabaki, kama kawaida ya sahani za mabandani. Mama alipita na sufuria. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukainua sahani.

"Mama, niongezee mchuzi kidogo."

Vijana wawili waliobaki wakaacha kutafuna. Mama akasimama.

"Nini?"

"Mchuzi. Kidogo tu."

"Umeulipia huo mchuzi?"

"Hapana."

"Basi nenda kalete mashine tupime unaniibia kiasi gani!"

Mmoja wa wale vijana alipaliwa, mwenzake akampiga mgongoni huku akilia kwa kicheko. Mimi nilibaki nimeinua sahani. Yale maneno niliyokariri yalinitoka yote kichwani. Mama alinimiminia upawa mzima, kisha wa pili, mchuzi ukatambaa hadi ukingoni.

"Wabeja, mama," nikasema, kama bibi yangu anavyoshukuru kule nyumbani.

"Kula, usinitolee macho. Kesho nakuja kwako, mchele wa yule bwana una mawe, na ananipimia huku anatazama Waingereza wanakimbizana. Ila nikiiona ile mashine naitupa mtaroni. Na utaniongezea."

Alikuja. Nilipima kopo langu lililonyooka, nikalisawazisha, nikaingiza mkono guniani na kumtilia kiganja. Kilikuwa kidogo. Akaendelea kuushika mfuko wazi. Nikatia kingine. Sitadanganya, iliniuma kama kung'olewa kucha, maana sikujua ni gramu ngapi. Kwa kuwa kilo kamili pamoja na kiganja ingenifilisi, nilikuwa nimepandisha bei kidogo asubuhi ile. Alilalamikia bei mpya kwa muda wa kufunga mfuko, akalipa. Bei wateja waliisamehe. Kumbe wangenisamehe hata zaidi ya hiyo, ilimradi mkono wangu urudi guniani mara moja mbele ya macho yao.

Shangazi alishuka basi la Igunga adhuhuri. Aliwakuta watu dukani, si umati, ila watu. Kina mama walimpokea kwa vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Mwizi wetu karudi!" Wote wakacheka, wakamkumbatia. Shangazi alicheka nao, lakini nilikuwa namtazama usoni, na alicheka kwa mdomo tu.

Wateja walipopungua alikaa kwenye kiti chake cha zamani akavua viatu.

"Lina watu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ni lako. Nilisema, na mimi sigeuki."

Nikaanza kumshukuru, nikaanza pia kumweleza kuhusu mizani, kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba kwa kweli ukipima...

"Baba," akanikatiza. "Mtaa wote ulikuwa unajua lile kopo. Na mimi nilijua kwamba wanajua. Hakuna aliyewahi kulisema. Wewe umelisema kwa sauti, na sasa nikisimama mbele ya kanisa kuimba, kuna mtu kiti cha nyuma anatabasamu. Duka chukua. Hilo la kiti cha nyuma utalirudishaje?"

Nikaviokota viatu vyake nikavipanga sambamba. Aliomba maji, akanywa, akauliza kama paka anakula. Wiki ile ile alirudi Igunga, na huko amejiunga na kwaya nyingine. Nikimpigia simu ananiuliza habari za mvua.

Duka sasa ni langu. Bei yangu iko juu kidogo kuliko ya jirani, na kila anayenunua mchele namwongezea kiganja kabla hajaomba, bila kukipima. Bado kinaniuma, ila si kila siku. Mteja akiniuliza kitu namjibu alichouliza, basi. Kwenye tumbaku sijarudi.